Mkataba unaoisha haukai ghalani

Msimu wa korosho unapoanza, Ruangwa na Nachingwea huwa na mazungumzo mawili yasiyokwisha. La kwanza ni bei ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachobeba majina ya wilaya tatu: Ruangwa, Nachingwea na Liwale. La pili ni Namungo, klabu ya soka ya Ruangwa: nani yuko kwenye fomu, nani ameanza kupigiwa simu kutoka Dar es Salaam, na mkataba wa nani unaisha mwisho wa msimu. Mara nyingi mazungumzo hayo huchanganyika kwenye benchi moja la Uwanja wa Majaliwa, na hapo ndipo huzaliwa kosa ninalotaka kulizungumzia leo. Mkulima anayejua kukataa bei mbaya mnadani hutaka klabu yake nayo iwe hivyo hivyo: wakija na pesa ndogo, wakatae, wangoje wiki ijayo bei ipande.

Kwa korosho, mkulima huyo yuko sahihi. Mzigo umekauka, uko ghalani, stakabadhi iko mkononi. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walikataa bei za wanunuzi, na Novemba Serikali ya Rais Magufuli ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Walioweza kukataa waliweza kwa sababu korosho ya Jumatatu bado ni korosho Jumatatu inayofuata. Mchezaji aliyebakiza miezi sita hayuko hivyo. Kinachouzwa si mtu, ni muda uliobaki kwenye karatasi, na muda huo unapungua hata usiku viongozi wakiwa wamelala. Ikifika Juni 30, klabu iliyokataa milioni 20 mwezi Desemba haina cha kupeleka mnadani.

Sheria yenyewe ni fupi. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 18, zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake unapomalizika au unapobakiza miezi sita au chini ya hapo. Klabu inayomtaka inatakiwa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo naye, lakini kuarifu si kuomba ruhusa. Kwa mkataba wa Juni 30, mlango huo unafunguka Januari 1. Dirisha letu dogo la usajili kwa kawaida hufunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Maana yake, nusu ya kwanza ya dirisha klabu bado imeshika kalamu peke yake. Nusu ya pili kalamu iko mezani na yeyote anaweza kuichukua. Viongozi wengi wa klabu zetu huliona dirisha hilo kama mwezi mmoja. Mimi nayaona madirisha mawili, na bei ndani yake si moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Namungo ina winga wa miaka 23, mkataba wake unaisha Juni 30. Klabu moja ya Dar es Salaam imeamua kwamba kumpata kwa jumla isizidi milioni 80, ukijumlisha ada ya uhamisho na pesa ya usajili anayopewa mchezaji mkononi. Angekuwa na miaka miwili mbele, Namungo ingeweza kudai 50 na mchezaji akapata 30, na wote wakaondoka wakicheka. Lakini ana miezi sita. Wakala wake anajua kwamba akingoja Julai, milioni 80 zote ni za mteja wake, hakuna wa kugawana naye. Ukimtaka asaini Desemba kwa 30 atakuuliza kwa nini. Kwa hiyo mnunuzi akitoa chochote kwa Namungo, hakilipii thamani ya winga. Analipia jambo moja tu: kuwa naye sasa badala ya Julai, kwa mechi kumi na tano hivi za mzunguko wa pili.

Hapo ndipo penye jibu la swali linaloulizwa kila Desemba: tutarajie nini? Tarajia bei ya mechi kumi na tano, si bei ya mchezaji. Kama mnunuzi yuko katikati ya msimamo, hana kombe analolifukuzia wala hatari ya kushuka, bei hiyo ni karibu na sifuri; atangoja. Kama anapigania ubingwa na mtu wake wa winga ya kulia ameumia goti, bei inapanda ghafla. Thamani ya mali yako inategemea shida ya mwenzako, basi kazi ya kwanza ya kamati ya usajili ni kujua nani ana shida gani, kabla ya kujadili mchezaji wake ana thamani gani. Sijaona klabu nyingi za mikoani zikiifanya kazi hiyo kwa makini. Wengi huingia mezani na bei waliyoisikia redioni.

Mifano tunayo hapa hapa nyumbani. Mtazame Clatous Chama. Mwaka 2021 Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco akiwa ndani ya mkataba, akarudi Simba Januari 2022. Mkataba uliofuata ulipomalizika, Julai 1, 2024, Yanga ikamtambulisha, na Simba haikuwa na haki ya kudai ada ya uhamisho. Ni mchezaji yule yule na klabu ile ile. Kilichotofautiana ni tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi. Upande wa pili wa mji, Stephane Aziz Ki alifika mwisho wa mkataba wake Yanga mwaka huo huo wa 2024. Yanga ikakubali kuingia gharama ya kumwongezea, ingawa kelele za klabu za nje zilikuwa nyingi, na Mei 2025 Wydad Casablanca ikamnunua. Walioilaumu Yanga kwamba inamlipa mtu mmoja kupita kiasi hawakuuona mwisho wa hesabu ile: mkataba mpya ndio uliofanya kuwe na kitu cha kuuza.

Kuna mvutano wa Bernard Morrison pia, na kwangu huo ndio somo kubwa kuliko yote kwa klabu ndogo. Alisaini Yanga Januari 2020 kwa miezi sita. Katikati ya mwaka Yanga ikasema alikwisha kuongeza miaka miwili. Yeye akasema hapana. Agosti Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ikampa haki yeye, akaenda Simba, na rufaa ya Yanga katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikagonga mwamba mwaka 2021. Klabu yenye wanasheria na wanachama kila kona ya nchi ilishindwa kuthibitisha nyongeza ya mkataba. Sasa fikiria klabu ya wilayani ambayo nakala za mikataba yake ziko kwenye begi la katibu.

Kinyume chake ni Feisal Salum. Desemba 2022 alijaribu kuondoka Yanga kwa kuirudishia shilingi milioni 112, akiwa na mkataba hadi Mei 2024. TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Suala likafika mpaka kwa Rais Samia, aliyezitaka pande zote zimalize, na Juni 2023 Azam ikamchukua kwa makubaliano na Yanga. Sisemi lolote juu ya nani alikuwa na roho nzuri. Nasema tu kwamba Yanga ilikuwa na mwaka mzima na zaidi mkononi, na kwa hiyo ilikuwa na kiti mezani.

Wenzetu wa mpira wa magongo wa barafuni, Marekani na Kanada, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Katika ligi ya NHL mchezaji anaweza kubadilishwa na mwingine katikati ya msimu, na kila mwaka kabla ya siku ya mwisho ya mabadilishano, timu zilizokata tamaa hutoa wachezaji wanaomaliza mikataba na kupokea vijana au haki ya kuchagua chipukizi. New York Islanders hawakumtoa nahodha wao John Tavares mwaka 2018. Julai 1 akasaini Toronto na wao hawakupata kitu. Mwaka uliofuata Columbus nao wakawabakiza nyota wawili, Artemi Panarin na Sergei Bobrovsky, wakijua wataondoka bure. Wakaitoa Tampa Bay, timu bora ya msimu ule, kwa mechi 4 kwa 0 katika raundi ya kwanza. Kisha wote wawili wakaondoka kweli. Je, Columbus walikosea? Nadhani hawakukosea. Walinunua furaha ya mji wao kwa bei waliyoijua mapema. Kosa ni la yule anayebaki na mchezaji bila kujua kwamba amenunua kitu.

Ila tofauti moja tusiipite. Kule mkataba unahama pamoja na mchezaji, na mara nyingi hahitaji hata kuulizwa. Kwetu hakuna uhamisho bila mchezaji kusaini mkataba mpya kwa hiari yake. Kura ya mwisho ni yake. Kwa hiyo klabu ya Tanzania inatarajia kidogo zaidi kwa mchezaji wa miezi sita kuliko timu ya NHL, na inapaswa kukaa na mchezaji kwanza kabla ya kukaa na mnunuzi.

Turudi Ruangwa. Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kumaliza nafasi ya nne katika msimu wake wa kwanza. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Sumbawanga, Agosti 2, 2020, ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja kusini. Namungo ikavuka hadi makundi baada ya kuitoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam. Kwenye kundi lenye Raja Casablanca, Pyramids na Nkana haikupata hata pointi moja. Watu huikumbuka safari ile kwa huzuni ya mwisho wake. Mimi naikumbuka kwa tarehe. Fainali ya Sumbawanga ilichezwa zaidi ya mwezi baada ya Juni 30, siku ambayo mikataba ya kawaida huisha, kwa sababu ugonjwa wa Korona uliisukuma ligi mbele. FIFA ililiona tatizo hilo mapema, na Aprili 2020 ikatoa mwongozo kwamba mikataba inayoisha isogezwe hadi mwisho halisi wa msimu. Mechi kubwa kuliko zote katika historia ya klabu ilichezwa ndani ya muda wa nyongeza ya karatasi. Tangu hapo siamini tena mkataba unaotaja tarehe peke yake. Andika "Juni 30 au siku ya mechi ya mwisho ya msimu, yoyote itakayochelewa." Hayo ni maneno machache na hayana gharama.

Sasa, Desemba ikifika na winga wetu wa mfano amebakiza miezi sita na hataki kuongeza, Namungo ifanye nini? Ianze kwa kutazama msimamo. Ligi ya timu 16 inashusha mbili moja kwa moja, na za nafasi ya 13 na 14 zinaingia kwenye mchujo. Ukiwa wa 12 au wa 13, mechi kumi na tano za mchezaji wako bora zina thamani kuliko milioni nane za mtu yeyote, maana kushuka daraja kunachukua wadhamini, mapato ya matangazo na wachezaji wengine watano pamoja naye. Hapo mbakize, mchezeshe, mpe mkono Juni, mwambie karibu tena. Uamuzi huo hauna aibu. TP Mazembe ya Lubumbashi walifanya hivyo na Mbwana Samatta: mwaka 2015 walibaki naye mkataba wake ukikaribia ukingoni, wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mmoja wa wafungaji wake bora, na Januari 2016 wakamwachia kwenda Genk ya Ubelgiji. Pesa waliyoipata ilikuwa ndogo kando ya ile Genk iliyoipata Aston Villa ilipomnunua miaka minne baadaye. Lakini kombe liko Lubumbashi.

Ukiwa wa sita, huna hofu ya kushuka wala tamaa ya kombe, uza. Na ukiuza using'ang'anie pesa taslimu. Mnunuzi asiyeweza kukupa milioni 40 leo anaweza kukupa asilimia 20 ya mauzo yajayo, kwa sababu asilimia hiyo haimgharimu kitu leo. Simba iliyowauza Chama na Luis Miquissone nje mwaka 2021 inaonyesha kwamba njia kutoka ligi yetu kwenda kaskazini mwa Afrika ipo. Klabu ya Ruangwa ikiwa na asilimia kwenye safari kama hiyo imepata zaidi kuliko ada yoyote ya dirisha dogo. Omba pia kijana wa kucheza kwa mkopo hadi mwisho wa msimu. Au muuze Desemba kwa sharti abaki Ruangwa kwa mkopo hadi Juni. Mnunuzi amemwahi kabla ya wenzake, wewe una winga wako na una risiti. Kwa klabu ya ukubwa wa Namungo hiyo ndiyo biashara bora kuliko zote nilizozitaja, na sielewi kwa nini inafanyika mara chache.

Tahadhari moja hapa. Asilimia hiyo iwe ya klabu. FIFA ilipiga marufuku tangu Mei 1, 2015 mtu au kampuni isiyo klabu kumiliki sehemu ya haki za uhamisho wa mchezaji. Mfanyabiashara wa mji anayejitolea kulipa pesa ya usajili na kusema "akiuzwa nirudishiwe nusu" anaipenda timu, sina shaka, lakini anaiingiza kwenye adhabu.

Jambo jingine linaloniuma ni tabia ya kumwadhibu mchezaji aliyekataa kuongeza mkataba. Anaondolewa kikosini, anafanya mazoezi peke yake, anaitwa msaliti. Kwanza ni upuuzi wa kibiashara: nani atanunua mchezaji asiyeonekana? Pili, sheria haiko upande wako. Mchezaji mzoefu aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu ana njia ya kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Klabu inayomnyanyasa ili aondoke au abadili masharti inampa sababu halali ya kuondoka. Na klabu inayodaiwa mishahara ya miezi miwili, ikiandikiwa notisi ya siku 15 na isilipe, imempoteza mchezaji hata kama mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu. Mnaweza kuwa na mkataba mrefu kuliko reli ya zamani ya Nachingwea. Bila mshahara hauna maana.

Nimeitaja Nachingwea, na wasomaji wa huko wataniuliza wao wanaingiaje kwenye habari ya klabu ya jirani. Wanaingia kupitia watoto. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Mwaka mmoja wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una robo asilimia ya ada yote. Kuanzia 16 ni nusu asilimia. Klabu ya Nachingwea iliyomsajili kijana akiwa na miaka 16, 17, 18 na 19, siku akiuzwa nje kwa dola 200,000, ina asilimia 2, yaani dola 4,000. Kwa timu ya wilaya hiyo ni jezi, mipira na nauli za misimu kadhaa. Lakini akiondoka mkataba ukiwa umeisha hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Inabaki fidia ya malezi, inayodaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa au anapohama nje kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, na nayo inahitaji usajili wenye kumbukumbu. Kwa hiyo uzembe wa Ruangwa kwenye mkataba mmoja unaweza kuikosesha Nachingwea haki yake. Na uzembe wa Nachingwea wa kutomsajili kijana rasmi unaifuta haki hiyo hata kabla Ruangwa haijamwona.

Kalenda hii hii inayouma ina upande wake wa neema. Klabu ya mkoani haiwezi kumnunua mchezaji wa Simba au Yanga aliye katikati ya mkataba, lakini Julai anapokuwa huru inaweza kumkaribisha. Erasto Nyoni alitua Namungo mwaka 2023 baada ya miaka yake Simba, na hakuna ada ambayo Ruangwa ingeweza kuilipa miaka mitano kabla. Ninachoomba ni kwamba kamati isiingie kwenye soko hilo ikifikiri "bure" ni bure. Pesa ambayo haikulipwa klabu inalipwa kwa mchezaji na wakala wake, kwenye pesa ya usajili na mshahara, na mkataba wa mwaka mmoja unaopewa leo ndio tatizo la Desemba ijayo.

Uamuzi wa kweli haufanyiki Desemba kabisa. Unafanyika miezi kumi na minane kabla ya mwisho wa mkataba, wakati mchezaji hajaanza kupigiwa simu, mshahara wake bado unavumilika, na neno la kocha bado lina uzito kwake. FIFA inaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18, mitatu. Kijana anayeanza kung'ara aongezwe miaka miwili mapema, na apewe kwenye mkataba huo huo kipengele cha haki cha kuondoka kwa bei inayojulikana, asije akajiona mfungwa. Atakayekataa miezi kumi na minane kabla amekuambia ukweli ukiwa bado na muda wa kumuuza kwa bei yake.

Viongozi wa Namungo, Desemba 16 hadi 31 ni siku kumi na sita. Kabla hazijafika, toeni mikataba yote kabatini, ipangeni kwa tarehe za mwisho, na kila mchezaji ambaye mkataba wake unaishia mwaka ujao aitwe ofisini aulizwe kwa adabu anataka nini. Majibu yaandikwe na yasainiwe. Yule atakayesema anaondoka, wiki hiyo hiyo mpigieni simu anayemtaka.